Chumvi ya Maji Baridi

Kiswahili kimeitwisha chumvi mizigo mingi. Mzee aliyeishi miaka mingi tunasema amekula chumvi nyingi. Anayeongeza maneno kwenye habari, anaitia chumvi. Na maji yote ya dunia tumeyagawa mafungu mawili tu: ya bahari ni maji chumvi, ya mito na maziwa ni maji baridi, hata pale ziwa lenyewe lina joto la nyuzi 26 na watoto wanaogelea mpaka magharibi bila mmoja wao kutetemeka. Nilifundishwa mgawanyo huo shule ya msingi Ujiji, na sikuwa na sababu ya kuuhoji mpaka mwaka juzi, baba yangu alipokatazwa chumvi.

Baba ni mvuvi wa dagaa. Mwenyewe anasema "ni", hasemi "nilikuwa", na mimi namfuata. Alianza enzi za karabai, mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa miti na wavu katikati, akaendelea mpaka zikaja hizi taa za betri. Halafu presha ikamla figo polepole, kimyakimya, na tulipokuja kujua hapakuwa na cha kuokoa. Akahamishiwa Dar es Salaam. Sasa anakaa kwangu, anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, saa nne kila safari. Chumvi hapana. Dagaa hapana. Ndizi na maharage kwa kuhesabiwa. Na maji, jamani, hata maji: mtu aliyekulia ukingoni mwa ziwa lenye kina cha mita 1,470 anapimiwa maji kwa kikombe cha chai.

Siku asizokwenda hospitali alikuwa anakaa mbele ya televisheni iliyozimwa sauti. Hakuwa analalamika, na hilo ndilo lililokuwa linanitisha. Kwa hiyo jirani wa ofisini aliponiambia anahama na ana tangi la samaki la lita 120 analouza na pampu yake, nikalichukua kabla hata ya kufikiri litakaa wapi. Nilitaka samaki wa kwetu. Baba akaliangalia lile tangi tupu, akaniangalia mimi.

"Mama, unataka kunifugia kitoweo?"

(Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Akinikasirikia ndipo huniita jina langu lote, na la ukoo juu.)

Dagaa hawafugiki kwenye tangi la sebuleni. Migebuka ni samaki wa maji ya wazi, kuhe anafika urefu wa mkono wa mtu mzima. Nilikuwa nawataka wale wadogo wanaoishi kwenye mawe na kwenye makombe, ambao kila mtoto wa Kigoma amewahi kuwatazama na hakuna anayejua jina lao. Kigoma hakuna anayewala, ndiyo maana hawana jina sokoni. Ng'ambo wana majina marefu ya Kilatini na wapenzi wao wanaolipa pesa nyingi. Niliyemchagua anaitwa Neolamprologus brevis, samaki wa urefu wa kidole, ambaye dume na jike wake hulala ndani ya kombe moja tupu la konokono. Makombe yenyewe ni ya konokono wa ziwa letu, Neothauma, na chini ya Tanganyika kuna maeneo mapana ambayo sakafu yake ni makombe matupu. Nyumba za kurithi, zimejaa wapangaji.

Kwenye duka la samaki wa mapambo Kariakoo, muuzaji alikuwa nao. Walizaliwa kwenye tangi, wazazi wao pia walizaliwa kwenye tangi. Wenyeji wa Tanganyika ambao hawajawahi kuiona Tanganyika. Dar imejaa watu wa namna hiyo. Akaniambia, "Hawa, dada, wanataka chumvi," akanivutia ndoo.

Ilikuwa chumvi ya miamba. Siyo ya mwambani, bali ya kutengenezea bahari ndani ya kioo kwa watu wanaofuga matumbawe hai: unga mweupe unaomimina kwenye maji yaliyochujwa mpaka upate bahari. Ubavuni mwa ndoo paliandikwa namba, na mimi ni mtu wa kusoma kila kitu kilichoandikwa, hata karatasi ya maandazi. Kalisiamu miligramu 400 na ushee kwa lita. Magnesiamu karibu 1,300. Chini yake kipimo cha ukali wa kupambana na asidi, ambacho wafugaji wa matumbawe wanakilinda kama mboni ya jicho, kwa sababu tumbawe hujenga mifupa yake kwa kalisiamu na kaboneti, na vikipungua hasimami. Muuzaji hakuwa tapeli. Alikuwa na hoja yake: Tanganyika si kama maziwa mengine, maji yake ni mazito, yana magnesiamu kuliko kalisiamu, sawasawa na bahari. Weka kijiko kimoja kimoja, alisema, utafika.

Nilirudi bila ndoo, na wiki mbili zilizofuata nikasoma kuhusu maji niliyokunywa utoto wangu wote.

Huyu muuzaji, kumbe, ana babu zake katika fikra hiyo. Mwaka 1883 mtafiti wa Kijerumani, Richard Böhm, aliona kiwavi cha maji, yule mdudu laini kama mwavuli wa utelezi, akielea Tanganyika. Kiwavi ni kiumbe wa baharini, au ndivyo wote walivyodhani. Mwingereza J. E. S. Moore akaja mara mbili, 1896 na 1899, akakusanya konokono ambao magamba yao yalifanana na visukuku vya bahari za kale, na mwaka 1903 akatoa kitabu kizima, The Tanganyika Problem, akidai ziwa hili lilikuwa mkono wa bahari uliokatwa ukabaki bara. Bahari iliyosahau chumvi yake. Ni dhana nzuri mno, na nadhani uzuri ndio uliomponza. Safari ya utafiti iliyofuata, ya W. A. Cunnington mwaka 1904 na 1905, haikumuunga mkono. Konokono wale ni wa maji baridi wa asili, wamejigeuza humo humo wenyewe kwa muda mrefu mpaka wakafanana na wageni. Kiwavi bado yupo, ana ukubwa wa sarafu. Baba anamjua. Kwake ni alama ya maji yaliyotulia, hana shida naye.

Namba ndizo zinazokata kesi. Lita moja ya bahari ina gramu 35 za chumvi, na takriban 30 kati ya hizo ni sodiamu na kloridi, yaani hii hii ya mezani. Lita moja ya Tanganyika ina kama gramu 0.6 tu za vitu vilivyoyeyuka, na kloridi ndani yake haizidi sana miligramu 27. Mzigo mkubwa ni baikaboneti, ile familia ya magadi, ikifuatana na sodiamu, magnesiamu karibu miligramu 40, potasiamu, na kalisiamu kidogo, kama 10. Kwa hiyo ni kweli magnesiamu inaizidi kalisiamu kama baharini. Hapo muuzaji alikuwa sahihi. Lakini ukichukua chumvi yake ukaipunguza mpaka ifike gramu 0.6 kwa lita, utapata kloridi zaidi ya mara kumi ya ile ya ziwa, na baikaboneti haitafika hata moja ya mia. Ungekuwa umetengeneza bahari iliyochujuka. Samaki wetu wangepata ladha ya maji wasiyoyajua hata kwa hadithi za mababu.

Nilimweleza baba haya yote jioni, nikijua nimemchosha. Akasikiliza mpaka mwisho kisha akasema neno moja.

"Uvinza."

"Uvinza imefanyaje?"

"Kama ni chumvi, tia ya Uvinza. Malagarasi inapita pale pale, inaingia ziwani. Maji ni yale yale."

Kwa mtu wa Ujiji, chumvi ni Uvinza. Chemchemi za pale zinatoa maji ya chumvi kali, na watu wamekuwa wakiyachemsha kwa zaidi ya miaka elfu moja. John Sutton na Andrew Roberts waliandika historia hiyo mwaka 1968, na vigae vya vyungu vilivyochimbwa pale vinatoa ushahidi. Kiangazi watu walifika kutoka pande zote, wakajenga vibanda, wakachemsha, watemi wa Uvinza wakachukua fungu lao, na mizigo ikaenda Ujiji, ikavuka ziwa mpaka Kongo. Wajerumani walipokuja wakaweka mitambo yao. Chumvi inatoka mpaka leo. Bibi yangu, Muha, hakuiita chumvi; aliiita umunyu, na wazee wa pwani nao walikuwa na munyu yao kabla neno hilo halijaanza kusikika la kizamani. Baba ametilia migebuka chumvi ya Uvinza miaka hamsini. Alipotaja jina lile alikuwa anataja kitu alichonyimwa, na sote wawili tulijua.

Lakini kwa upande wa kemia alikuwa amekosea, na ikanibidi nimwambie. Chumvi ya Uvinza ni sodiamu na kloridi tupu, ndiyo maana ni tamu. Malagarasi ni mto mkubwa, ila sehemu kubwa ya madini ya Tanganyika inatoka kaskazini: inashuka na Rusizi kutoka ziwa Kivu, ambako maji yameoga kwenye mawe ya volkano za Virunga. Huko ndiko inakotoka magnesiamu na baikaboneti. Halafu ziwa linakaa nayo. Mto pekee unaotoka, Lukuga, ambao Cameron aliukuta upande wa Kongo mwaka 1874, hautoi sana. Maji mengi yanaondoka kwa kuvukizwa na jua, na jua halibebi chumvi. Burton, aliyefika Ujiji Februari 1858, aliandika kwamba watu wa ufukweni walipendelea maji ya chemchemi, wakidai ya ziwa hayakati kiu, na kwamba yanakula chuma na ngozi. Tulikuwa tunacheka tukisoma maneno ya wazungu hawa. Sasa ninaona wale wenyeji walikuwa wanaonja magadi.

"Kwa hiyo ziwa letu ni la magadi," baba akasema.

"Kidogo."

"Sijawahi kulalia hoi kwa kiu pale." Akafunga mjadala kwa siku hiyo.

Wakati huo huo nilikuwa nampeleka kwenye mashine. Chumba kina vitanda vinane, na mtu akishaunganishwa hakuna cha kufanya ila kungoja, kwa hiyo nikaanza kumuuliza fundi mashine maswali. Kijana mpole, akaniona nina nia. Akanionyesha nyuma ya mashine galoni mbili. Moja ina sodiamu, potasiamu, kalisiamu, magnesiamu. Nyingine ni baikaboneti. Maji yanachujwa kwanza mpaka yasiwe na kitu, kisha mashine inayachanganya na hivi viwili kwa kipimo, na mchanganyiko huo ndio unaopita upande wa pili wa utando mwembamba, damu ikipita upande wake. Kilichozidi kwenye damu kinahamia kwenye maji yenye pungufu. Baikaboneti inakwenda kinyume: inatoka kwenye maji, inaingia kwenye damu, kwa sababu figo zikichoka mwili unajaa asidi.

"Namba zake?" nikauliza.

Alicheka, halafu akanitajia. Sodiamu 138. Potasiamu 2. Baikaboneti 32 hivi. Kwa dakika moja zinapita mililita 500 za maji hayo.

Nikapiga hesabu kwenye simu. Kwa saa nne, lita 120. Nikamwambia baba, akiwa amelala na mirija mkononi, kwamba kila safari anatumia tangi zima. Akafumbua jicho moja. "Basi wananifuga," akasema, na mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka mpaka mashine yake ikapiga kengele.

Kuna sentensi inapendwa sana kwenye makala za afya, kwamba damu ya binadamu ni bahari tuliyotoka nayo. Mimi mwenyewe niliwahi kuipenda. Chumvi ya damu kwa jumla ni robo tu ya ile ya bahari, na magnesiamu ya baharini ni zaidi ya mara sitini ya iliyomo kwenye damu. Ungemtia mtu bahari kwenye mishipa ungemzika. Potasiamu ndiyo inayosimamia mapigo ya moyo, na inaruhusiwa kucheza kwenye kichochoro chembamba, 3.5 mpaka 5. Figo ndizo zinazolinda kichochoro hicho. Baba hana figo. Ana galoni mbili na kijana mpole.

Ninaeleza hivi kwa sababu ya kopo la jirani.

Jirani yetu ni mama mwenye huruma kuliko watu wengi ninaowajua. Alisikia mzee amekatazwa chumvi, akaona mboga zinavyomshinda, akaenda supamaketi akanunua kopo zuri lenye picha ya moyo, chumvi ya wagonjwa, ya sodiamu pungufu. Akalileta nikiwa kazini. Niliporudi lilikuwa mezani, kifuniko kimefunguliwa. Baba alikuwa na uso ambao sikuwa nimeuona kwa mwaka mzima: amekula mchicha ukamkolea. Nikageuza kopo, kwa mazoea tu yaliyoanza na ile ndoo ya Kariakoo. Nyuma, kwa herufi ndogo: kloridi ya potasiamu.

Kwa mtu mwenye presha na figo nzima, chumvi ile inaweza kuwa msaada. Kwa baba ilikuwa ni kumwaga mchanga kwenye kichochoro.

"Umetia kiasi gani?"

"Kidogo. Nikaongeza kidogo."

Nilipiga simu wodini na mkono hautulii. Wakasema mleteni sasa hivi, msingoje zamu yake ya kesho. Njiani, kwenye foleni, baba alikuwa kimya na mimi nilikuwa namtazama kifuani kama nitaona mapigo kupitia shati. Walimpima moyo, wakachukua damu. Potasiamu 6.2. Akaunganishwa usiku ule ule, wakampangia maji yenye potasiamu ndogo, nikakaa kwenye benchi mpaka saa nane za usiku nikisikiliza pampu. Alipotoka alikuwa amechoka lakini mzima, akauliza kama kopo limetupwa. Nikasema limetupwa. Akasema, "Ilikuwa tamu lakini."

Jirani nilimwambia kesho yake, kwa upole wote nilioweza. Alilia. Alikuwa ameambiwa dukani ni chumvi salama, na yeye alisikia neno chumvi na neno salama, kama ambavyo angesikia yeyote. Si ujinga. Lugha zetu zote, hata zile za kwenye makopo, zinaviita kwa jina moja vitu ambavyo moyo hauvichanganyi.

Tangi nililianza wiki iliyofuata, kwa namna ya mtu anayetaka jambo moja maishani mwake liende kwa kipimo. Maji ya kisima cha mtaani kwetu yana munyumunyu wa bahari, kwa hiyo niliyaacha, nikanunua ya kuchujwa, yale ya madumu ya lita 20, madumu sita. Baikaboneti: siyo magadi ya jiwe tunayopikia maharage, hayo ni makali zaidi, bali ule unga wa kuumulia keki. Nilipima gramu 57. Magnesiamu nikaipata dukani kwa mwuza dawa kwa jina ambalo wasomaji wenye bibi watalikumbuka, chumvi ya haluli, ile tuliyonyweshwa kusafisha tumbo. Hesabu ilitaka karibu gramu 50, nikaweka 25, kwa sababu haluli inakuja na salfeti na ziwa halina salfeti nyingi. Kalisiamu niliiachia vipande vya jiwe la matumbawe, lile ambalo nyumba za zamani za pwani zimejengwa kwalo. Ni miamba iliyokufa, haina haraka. Maji yakishapita pH 8 huyeyuka kwa shida. Lakini ziwa linataka miligramu 10 tu.

Halafu nikafika kwenye kloridi. Miligramu 27 kwa lita, mara lita 120, nikageuza kuwa chumvi ya mezani. Gramu tano na kitu. Nikarudia hesabu kwa sababu jibu lilikuwa limekaa vizuri kupita kiasi: kijiko kimoja cha chai. Dada yangu alikuwa ametuletea mfuko wa Uvinza kabla baba hajakatazwa, ulikuwa juu ya kabati umefungwa fundo.

Nikampa baba kijiko. Aliutazama mfuko kwanza. Akachota, akasawazisha kwa kidole, akamimina taratibu huku anazungusha mkono, kama anavyonyunyizia samaki kwenye karo. Kisha akaenda kunawa kile kidole bila kukilamba. Nilimuona alivyokiangalia.

Samaki hawakuingia siku ile, wala wiki ile. Hili ndilo watu wengi wanalolikosea na maji ya namna hii. Samaki anatoa amonia, na kwenye maji ya pH 7 karibu yote hukaa katika umbo lisilo na madhara makubwa. Kwenye pH 8, zaidi ya sehemu tano kwa mia hugeuka sumu. Kwenye pH 9, ambayo ndiyo ya uso wa Tanganyika, ni zaidi ya theluthi. Ziwa linamudu kwa sababu ni ziwa. Tangi la lita 120 linahitaji bakteria wa kuila hiyo amonia, na bakteria wanachukua wiki tano, sita kujaa. Kwa hiyo kwa mwezi mmoja na zaidi baba alikuwa anatazama tangi lenye maji, mchanga na makombe manne. Hakuona ajabu. Alikuwa anajua kungoja maji. Kila asubuhi akaniuliza vipimo, na nikitaja amonia anaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia taarifa ya hewa.

Walipoingia, jike alikagua makombe yote manne, akakataa matatu. La nne alilifukua mchanga pembeni mpaka likakaa kwa mlalo anaoutaka, akaingia, na dume akasimama nje. Baba alisogeza kiti. Televisheni tangu siku hiyo inawashwa na watoto tu. Amegundua vitu ambavyo havimo kwenye kurasa nilizosoma: kwamba nikivaa gauni jekundu dume anakuja kioo cha mbele kugomba, na kwamba saa za adhana ya alasiri wote wawili wanatoka, ingawa nadhani hilo linahusu zaidi mwanga wa dirishani. Kuna kitu kimoja tu hajaridhika nacho. Maji, anasema, hayanuki ziwa.

Juni nilikwenda Ujiji kwenye shughuli ya familia, nikabeba chupa ndogo za kupimia. Niliteremka Kibirizi asubuhi, pale wanapoanika dagaa, ufukwe umebaki mwembamba tangu ziwa lilipopanda miaka hii. Wavulana wakanizunguka kuona dada anayetia matone kwenye maji. Kipimo cha baikaboneti ni rahisi: unahesabu matone mpaka rangi ibadilike. Nikampigia baba.

"Matone mangapi?"

"Kumi na nane."

"Letu je?"

"Kumi na sita."

"Ongeza unga kidogo ukirudi. Kidogo." Akanyamaza, nikasikia pampu ya tangi nyuma yake. "Umeyaonja?"

Nikasema bado. Akasema basi mtu anapimaje maji bila kuyaonja, na nilipoinama nikachota kwa kiganja wale wavulana walicheka. Nikamwambia yana ladha ile ile. Akauliza dagaa wameanikwa wengi, nikasema si wengi, chanja nyingi ziko tupu. Akataka kujua upepo unatoka wapi.

"Kusi, baba."

"Mkali?"

"Unapeperusha khanga."

"Basi leo hawatoki," akasema, na nikasikia kiti kikiburuzwa kurudi karibu na kioo.